Watu Wasio na Kitu

Wakili alisoma ule ukurasa kwa sauti, nami nikatamani kuuchana. Enzi za ukoloni, Mzungu mmoja alikaa siku mbili kwa babu yangu msituni, akaenda kuandika kitabu. Sisi warina asali, alisema, si kabila bali mabaki ya makabila mengine, wazururaji wasio na ardhi wala mali. Siku mbili tu! Sasa kampuni ya mbao iliyoutaka msitu wetu ilikuwa imeupeleka ukurasa huo kortini kama ushahidi.

Maelezo ya baba yalitakiwa yafike kortini kabla ya saa kumi. Nilikuwa nimeomba ruhusa kule Lavington nilikofanya kazi za nyumbani, nikamtoa baba chumbani kwangu Kangemi, nikamleta hadi ofisi hiyo ya mjini.

"Mzee, hiyo msitu mlikuwa mnatumia aje?" wakili akauliza. "Mko na mizinga huko?"

Baba aliangalia viatu vyake. "Hatuna kitu."

"Mzee, ukisema hivyo tumeanguka. Niandike nini sasa?"

"Hatuna kitu."

Nilipandwa na hasira, kisha nikaona haya, maana mwenye kosa nilikuwa mimi. Kwetu mtu hataji mizinga yake mbele ya mgeni ambaye hajaonja asali yake. Ukiitaja, nyuki watahama. Miaka sita ya Nairobi ilikuwa imenisahaulisha hata hilo.

Mkobani nilikuwa na chupa ya asali aliyoniletea baba, niliyopanga kumpelekea tajiri wangu. Nikamimina kidogo kwenye kifuniko.

"Wakili, onja hii kwanza."

"Madam, saa tisa imefika."

"Onja."

Akalamba. Baba akainua kichwa. Alianza kuitaja mizinga yetu kuanzia mtoni, akapanda mti kwa mti, ukoo kwa ukoo, hadi kwenye mianzi, akieleza ni mwezi gani tunapanda na mwezi gani tunashuka kufuata maua. Huko ndiko kuzurura kwetu. Wakili aliandika hadi jasho likamtoka, baba akatia kidole gumba, na karatasi zikakimbizwa kortini.

Tukishuka ngazi, nilimuuliza baba kama babu hakumpa yule Mzungu asali.

"Alimpa, kwenye kiganja," akasema. "Mzungu akajipangusa mkono, akaanza kuuliza maswali."