Spana Kwenye Kisanduku

Mume wangu Eleuterio haamini hata kivuli chake. Hapa mjini kwetu Placetas wanasema akikupa mkono, anahesabu vidole akirudishiwa. Na wivu wake mkubwa ni wa gari la marehemu baba yake, la mwaka hamsini na tatu, ambalo rangi tunalipaka wenyewe kwa brashi.

Binti yetu Mirelys alipoolewa, mumewe Osniel alihamia kwetu, maana nyumba nyingine waitoe wapi? Kijana mpole, kinyozi. Asubuhi moja Eleuterio akakuta kiti cha dereva kimesogezwa.

"Mkweo analiiba gari usiku!"

"We mzee, kiti nimekisogeza mimi nikifagia."

"Mtetee tu. Nitamkamata."

Haikupita wiki, gari likagoma kuwaka. Betri imelala kabisa. Tukasukuma, likawaka. Kesho yake tena, kimya.

"Si nilikwambia? Analiendesha tukilala!"

Ushahidi kaupata sasa, nani atamwambia kitu? Akamwambia Osniel tukinywa kahawa: leo utoke kwangu. Mirelys akaangua kilio. Alikuwa mjamzito, na mumewe akitoka naye anatoka, mjukuu wangu akazaliwe kwa watu. Moyo uliniuma, jamani.

"Nitatoka, baba," Osniel akasema. "Ila nipe kwanza globu na vipande viwili vya waya."

Kinyozi, ndiyo, lakini huku kwetu magari ya mababu yamemfanya kila mtu fundi umeme. Akachomoa waya mmoja wa betri, akaiunga globu katikati. Ikawaka.

"Kila kitu kimezimwa, na bado kuna kinachokunywa umeme. Huyo ndiye mwizi wako."

Akachomoa fyuzi moja baada ya nyingine. Alipofikia ya taa za ndani, globu ikazimika. Akairudisha, akapapasa dashibodi, mkono ukasimama kwenye kile kisanduku cha mbele ya abiria. Kilikuwa cha moto. Kifuniko hakikufunga vizuri, na taa yake ndogo ya ndani ilikuwa inawaka usiku na mchana. Kilichozuia kifuniko ni mpini wa spana kubwa ya bomba.

"Hii umeiweka lini?" nikauliza.

Akageuka kufuta boneti kwa leso.

"Sema, Eleuterio!"

"Siku ile ya kiti."

"Ya nini?"

Macho yalimponyoka yakaenda kwenye kichwa cha Osniel. Kijana akaelewa. Akaiweka spana juu ya boneti, akachukua begi lake. Mirelys akamfuata, wakaenda kwa mama yake Osniel, mji wa Remedios.

Gari sasa linawaka kwa mguso mmoja. Eleuterio akashindwa kula. Jumapili akaniambia, "Twende tukawachukue. Nimekosea." Neno hilo sijawahi kulisikia kinywani mwake tangu anioe. Nililia kwa furaha.

Huko Remedios walitupokea vizuri. Osniel akamwita mume wangu "baba" kama zamani, akapakia mizigo. Mirelys akaketi mbele na tumbo lake. Kisha, mtoto wa baba yake huyo, akanyoosha mkono akafungua kisanduku.

Spana ilikuwamo. Mpini umekatwa kwa msumeno, mkato bado unang'aa, ili kifuniko kifunge sawasawa.

"Osniel," binti yangu akasema, "teremsha mizigo."