Ini la Mtu Asiyekunywa

Kabla ya kushukuru kwa chakula, Anania Kalinga alilegeza mkanda tundu moja. Tabia hiyo hakuiacha maisha yake yote. Alilegeza nyumbani, alilegeza kwenye harusi, na siku askofu alipokuja kula kwa mchungaji alilegeza mbele ya askofu, kisha akafumba macho. Mkewe, Tupokigwe, alimwonya kwamba inaonekana kama anamwambia Mungu aongeze. Anania akajibu kwamba Mungu haoni haya, wanaoona haya ni wenye tumbo dogo.

Alikuwa mkuu wa stoo ya ujenzi mjini Mbeya, Mhehe wa Ipogolo, Iringa, na mzee wa kanisa. Walipooana alikuwa mwembamba kama ufito, na dada yake mkubwa, Yuditha, alisema waziwazi kwamba mwanamke huyu wa Kinyakyusa atammaliza. Tupokigwe hakumjibu kwa mdomo. Alimjibu kwa ndizi za nyama, kwa wali wa Kyela uliotiwa samli, kwa maziwa mgando na kwa chai yenye sukari ya kusimamisha kijiko. Miaka ilivyokwenda jibu lilikua, likawa linatangulia mlangoni kabla ya mwenyewe kuingia. Watu walilitazama tumbo la Anania, kisha wakamsifu Tupokigwe. Hakuna aliyewahi kumsifu kwa kitu kingine, basi akazipokea sifa hizo.

Kazi ya kanisa nayo ilimsaidia kunenepa. Anania alipatanisha majirani waliogombana, na mpatanishi hawezi kukataa chakula cha upande mmoja. Akikataa, watu wanajua amekwisha kuhukumu. Yeye alikuwa mtu wa haki. Akila sahani mbili kwa mlalamikaji, alikula mbili kwa mlalamikiwa. Kuna ugomvi wa mpaka wa shamba ulioanza wakati wa kupanda ukaisha wakati wa kuvuna, na amani ilipopatikana ilibidi ashonewe suruali mpya.

Mwaka sabini na nne, nchi nzima ikiwa kwenye foleni ya unga wa njano wa msaada wa njaa, Anania alianza kuchoka bila kufanya kazi na kuhisi uzito chini ya mbavu za kulia. Kwenye kampeni ya afya redioni watu walikuwa wamefundishwa kuchimba vyoo na kufukia madimbwi. Habari za kitambi hakuna aliyezitaja. Walikwenda hospitali ya misheni. Daktari Liberatus, kijana mwenye mikono ya baridi, alimpapasa ubavu kwa muda mrefu, akampima damu na mkojo, kisha akauliza anakunywa kiasi gani.

“Sinywi,” alisema Anania.

Daktari akamtazama Tupokigwe. Tupokigwe akasema kweli hanywi, hata ulanzi, pombe ya mianzi ya kwao, hajaugusa tangu abatizwe. Cha ajabu, daktari akaamini. Akawaeleza kwamba ini limevimba kwa mafuta, na kwamba mtu anaweza kulijaza mafuta kwa chakula na kukaa kitako, vilevile kama mlevi anavyolijaza kwa pombe. Aache sukari na samli, apunguze ugali na wali nusu kwa nusu, ale mboga na maharage, atembee kila siku hadi jasho limtoke.

“Sasa hivi linaweza kurudi lilivyokuwa,” alisema. “Ukiliacha mpaka lishike makovu likawa gumu, mzee, sitakuwa na la kukufanyia.”

Wakatoka na aibu ya peke yao: wakati wengine wanatafuta cha kula, wao wameamriwa wapunguze.

Habari ya ini ilifika kanisani kabla yao. Kila mtu mzima alijua ini huharibiwa na nini. Mchungaji aliombea, bila kutaja jina, wazee wenye kiu ya siri, na macho yote yakageuka kwa upole mkubwa kuelekea benchi la Anania. Anania aliumia kuliko alivyoumia ubavuni. Kutokunywa ndiyo heshima aliyoijenga mwenyewe. Ile nyingine, ya tumbo, alikuwa amejengewa jikoni.

Hata hivyo akaanza kutembea. Aliacha kupanda Landrova ya ofisi, akawa anatoka alfajiri kwa miguu kutoka nyumbani, Majengo, hadi kazini. Tupokigwe alipunguza chakula kwa moyo mzito, akamwekea mchicha. Miezi ikapita, tumbo halikutikisika. Badala yake likaongezeka, na Tupokigwe akaanza kudhani daktari amesoma vitabu vya watu wengine.

Asubuhi moja akamfuata kwa mbali. Mumewe alitembea vizuri hadi nyumba ya kwanza ya mtu aliyewahi kumpatanisha. Mwenye nyumba akatoka, akashangaa mzee anatembea kwa miguu kama aliyefukuzwa kazi, akamvuta ndani apate chai. Ikaja chai ya maziwa na maandazi. Nyumba ya pili ilikuwa ya adui wa yule wa kwanza, na haki ni haki. Kufika kazini alikuwa amepata kifungua kinywa cha ukoo mzima. Pengine alikuwa mtu wa kwanza Mbeya kunenepa kwa mazoezi.

Tangu siku hiyo walitembea pamoja. Tupokigwe alivaa raba za mwanawe Ipyana na kanga kiunoni, akampitisha mumewe kila mlango akisema asante, tumeshiba. Mjini wakasema anamlinda kwa sababu ya wanawake. Akavumilia. Polepole tumbo likashuka, uzito wa ubavuni ukapungua, na daktari, alipompapasa tena, alitabasamu kwa mara ya kwanza, akasema ini linarudi. Usiku ule Anania alilala bila kukoroma, na Tupokigwe akakaa macho akisikiliza ukimya huo kama mtu aliyeletewa zawadi.

Kisha wakaenda Ipogolo, kwenye harusi ya mtoto wa Yuditha.

Yuditha alimtazama mdogo wake kuanzia mabegani hadi kwenye suruali iliyokunjwa kiunoni. Alimwandalia mwenyewe: ugali mkubwa, mapaja ya kuku, na firigisi juu, kipande cha mwanamume mwenye heshima yake. Ukoo wote ukatazama. Anania akalegeza mkanda, ingawa haukuwa na cha kulegeza, akashukuru, akanyoosha mkono. Tupokigwe, kwa mazoea ya mwaka mzima, akaivuta sahani, akamega ugali nusu na kumrudishia.

Yuditha akauweka mwiko chini.

“Wifi,” alisema Yuditha, “kwenu mnawapimia wanaume kama kuku? Nilikupa mdogo wangu akiwa mwembamba, nikajua ni ujana. Sasa unanirudishia mifupa.”

“Daktari alisema, wifi.”

“Daktari alisema ale kidogo mwaka huu wa njaa? Huyo daktari ni shemeji yako?”

Wakacheka. Tupokigwe aliinamisha kichwa. Anania alimtazama mkewe, akawatazama ndugu zake, akaivuta ile nusu ya ugali na kuila, akaomba tena, akala na hiyo, akaomba tena. Alikula hadi wanawake wakaacha kucheka wakaanza kushangilia. Yuditha aliridhika. Njiani kurudi Mbeya Tupokigwe alimuuliza kwa nini. Akasema hawezi kukaa akisikia mke wake akitukanwa kwa sababu ya tumbo lake.

Ikawa hivyo. Kila walipokuja watu wa Iringa, na walikuja mara nyingi kuhakikisha, Anania alikula kwa ajili ya jina la mkewe. Matembezi yalikwama kwenye mvua za mwaka ule, hayakuanza tena. Tupokigwe angeweza kukataa kupika. Hakukataa. Sifa zilikuwa zimerudi, na zilikuwa tamu, naye alijiambia daktari alisema ini linarudi, bila kukumbuka alivyoonya mwanzoni kuhusu makovu.

Mwaka sabini na tisa ini lilikuwa limekuwa gumu. Mikono na miguu ya Anania ilikonda ikawa ufito ule wa zamani, tumbo likajaa maji, macho yakawa ya manjano. Daktari Liberatus hakulaumu. Alipunguza maji tumboni kwa sindano, akaondoka akiwa ameinama. Yuditha alifika na kaka zake wawili, wakakaa kwenye baraza ya wodi. Walisema kwa sauti ya kusikika kwamba mikono ile wanajua ilipoanzia kukonda. Waliiona kwa macho yao sahani ikivutwa, na mazishi yakiisha mwanamke huyo atauelezea ukoo mzima alivyomnyima chakula mtoto wao mpaka akafa.

Tupokigwe alikuwa akimfuta mumewe jasho. Alidhani amelala. Anania alisikiliza mpaka wakanyamaza, akamshika mkewe kifundo cha mkono akamvuta karibu.

“Mama Ipyana,” alisema, “wakikuuliza, waambie nilikuwa nakunywa.”