Samaki wa Buluu kwenye Mkeka wa Mama Mkwe

Hili ningelinyamazia kabisa, maana hadi leo nikilikumbuka nafunika uso kwa viganja, lakini mmeniuliza kwa nini mkeka wa mama mkwe una samaki, basi sikieni.

Mnajua nachapa vitambaa vya pamba pale Namuwongo. Rangi ya unga peke yake haishiki pamba, lazima uichanganye na gundi, na gundi ya dukani ni plastiki tupu, maji yake machafu yanapita mtaroni mlangoni kwangu, nikawa najiuliza, kwani muhogo hauwezi? Nikapika wanga wa muhogo, nikatia utomvu wa mgunga, nikachapa samaki wa buluu, nikawapenda mno! Ilibaki kupiga pasi ya moto ili gundi ikamate. Umeme ukakatika, na pasi ya mkaa nikaikwepa (siku ya kwenda kuonana na mamake Kato, mchumba wangu, nani anataka kunuka moshi?), nikajifunga kitambaa hivyo hivyo.

Mama huyo alikuwa ameshasema kwamba Wakenya hatujui kupiga magoti, na mwanawe hataoa asiyejua kusalimia wakubwa. Kwa hiyo magoti nilikuwa nimeyafanyia mazoezi. Manyunyu yakatukuta kwenye bodaboda, nikafika kwao Ntinda nimelowa, nikapiga magoti kwenye mkeka mpya, nikasalimia, nikakaa hapo hapo kwa adabu zote (hata chai nilinywea chini). Niliposimama, samaki walibaki mkekani.

"Nyabo, bibi wewe," mama akauliza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "hii samaki natoka wapi?"

Mwenye akili angeomba radhi. Mimi nikarudi chini, makalio juu mbele ya mashangazi wa Kato, nikikwaruza mkeka kwa ukucha, kwa sababu samaki walikuwa wamekaa vizuri kuliko kwenye pamba, hata magamba yanahesabika!

"Mama, naomba sabuni kidogo nijaribu."

Kato akatazama dari. Mama akaleta sabuni, akachuchumaa, akasugua yeye mwenyewe, wapi!

"Banange, jamani," akawaambia mashangazi, "huyu napiga magoti mpaka naacha alama."

Wakacheka hadi machozi, na mimi nikajua nimeolewa.

Nimeapa sitavaa tena kitambaa ambacho hakijapita kwenye pasi na beseni. Kile changu kilibaki cheupe nilipokifua mara ya kwanza, lakini mkeka umeoshwa miaka yote hii na samaki wapo, na kila nikienda kusalimia napiga magoti kando yao, nikijiuliza mkeka ule una nini ambacho pamba yangu haina.