Jezi ya Kipa Iliyokataa Kukauka

Dobi wa mtaa ule aliitwa Povu. Wateja wapya walidhani jina lilitokana na sabuni, naye hakujisumbua kuwasahihisha. Waliowahi kukaa karibu naye uwanjani walijua kwamba lilitokana na mdomo wake. Siku za kazi alikuwa mtu mpole, anayelisemesha shati la mteja kana kwamba anambembeleza mtoto akubali kuoga. Siku ya mechi, mshika kibendera akinyanyua tu mkono, Povu alisimama juu ya kiti na kumweleza mtu wa watu jinsi ukoo wake wote ulivyokosa macho.

Alifanya kazi na mkewe katika chumba kimoja kinachotazama barabara. Ndani kulikuwa na meza ya kupigia pasi, ambayo ilikuwa himaya ya mkewe, na rafu za nguo zilizokunjwa, kila furushi likiwa na kikaratasi cha jina. Kando ya chumba kulikuwa na ua wenye wigo mfupi, mabeseni manne na kamba tatu. Kamba ya karibu na barabara ilikuwa ya jezi za klabu. Nguo nyingine yoyote ikianikwa pale, hata iwe suti ya bwana harusi, ilikuwa imekosea njia. Kwa miaka kumi na tisa Povu alikuwa amezifua jezi zile za kijani zenye mistari myeupe, na kwa kutazama doa tu aliweza kukuambia nani aliteleza kweli na nani alijiangusha akitafuta penalti.

Klabu ilikuwa na desturi moja ya ajabu. Mchezaji anayetaka kuhama hapewi barua ya kuachiwa mpaka jezi yake imfikie Katibu ikiwa safi, imenyooshwa, na haina doa hata la kutafuta kwa miwani. Sheria hiyo iliwekwa na waanzilishi, enzi ambazo jezi zilikuwa chache kuliko wachezaji, na hakuna aliyekumbuka kuifuta. Kwa hiyo kila aliyehama alipitia kwanza kwa dobi, na dobi ndiye aliyempelekea Katibu jezi kwa mkono wake mwenyewe.

Mwaka huo walitakiwa kushinda mechi moja tu, ya mwisho, tena nyumbani, ili wapande daraja. Waliongoza kwa bao moja mpaka dakika ya themanini na nane. Halafu mshambuliaji wa wageni akapiga shuti, na kuliita shuti ni kutia chumvi, maana lilikuwa teke la mtu aliyechoka anayetaka kwenda zake nyumbani. Mpira ukatambaa, ukamfikia kipa, ukampita katikati ya miguu na kuingia wavuni bila haraka yoyote. Sare, moja kwa moja. Wakapanda wageni, ambao sare iliwatosha. Siku hiyo Povu hakutoa neno, kwa sababu kipa yule alikuwa mpwa wake, mtoto wa marehemu dada yake, aliyemlea tangu akiwa na miaka minane.

Baada ya hapo mtaa ukawa na kazi moja, kuhofia kesho ya klabu. Makao makuu ya hofu hiyo yalikuwa benchi la fundi viatu, ng'ambo ya barabara. Fundi viatu ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa mashabiki, na alikuwa na kipaji cha kuwakatisha watu tamaa kwa ufasaha. Alisema kocha hapokei simu. Akasema mfadhili ameonekana akipiga makofi kwenye mechi ya mpira wa kikapu. Akasema amesikia kwa mtu wa kuaminika, ambaye hakumtaja, kwamba uwanja utageuzwa maegesho ya malori. Kila siku aliongeza jambo, na kila siku mashabiki walirudi kumsikiliza, viatu vyao vikiwa vizima kabisa.

Habari za uhakika, hata hivyo, walizisoma kwenye kamba ya Povu. Jezi moja ikining'inia peke yake katikati ya wiki, maana yake mwenye namba hiyo anahama. Ndani ya siku kumi zilianikwa tano. Watu wakawa wanapita polepole na shingo wamezinyoosha, kama waliokwenda kusoma matokeo ya mtihani. Siku moja mkewe Povu alikosa nafasi kwingine, akaanika shuka la kijani kwenye kamba ile. Kabla halijaacha kuchuruzika maji, watu sita walikuwa wameegemea wigo, wanauliza kwa sauti za msibani ni mchezaji gani huyo mwenye mwili mkubwa namna ile.

Kilichowatisha zaidi kilikuwa karatasi ya chama cha ligi. Kila klabu ilitakiwa kupeleka orodha ya wachezaji wasiopungua kumi na wanane kabla ya saa kumi jioni, siku ya Ijumaa, na isiyofikisha inafutwa. Walikuwa na ishirini na watatu. Watano wameondoka, wamebaki kumi na wanane kamili. Vijana wenye vipaji walikuwa wameshasajiliwa kwingine, na waliobaki hawakutaka kuweka majina yao kwenye klabu ambayo watu walishaanza kuizungumzia kama marehemu.

Jumatatu asubuhi mpwa wa Povu, yule kipa, akaja na mfuko wa plastiki. Hakukaa. Alisema klabu iliyopanda, ileile iliyomfunga, inamtaka awe kipa wao wa pili, na kwamba barua ya kuachiwa lazima iwafikie Ijumaa hiyohiyo. Akauweka mfuko mezani, akaaga bila kumtazama mjomba wake machoni.

Povu akaufungua. Namba moja. Jezi hiyo ikifika kwa Katibu, wachezaji wanabaki kumi na saba, na klabu yake ya miaka yote inakwisha kwa mkono wake mwenyewe. Akaiangalia, akalitazama beseni, na hapo ndipo dobi anayeng'oa doa la grisi kabla chai haijapoa alipogundua kwamba jezi ile ni ngumu kupita kiasi.

Jumanne mpwa wake alipopita kuulizia, akaambiwa doa la nyasi limegoma. Jumatano akaambiwa doa limetoka lakini jezi haijakauka. Jua la siku hiyo lilikuwa kali kiasi kwamba soksi za wateja zilikauka kabla hazijabanwa vibanio. Alhamisi akaambiwa imekauka upande wa mbele, ila mgongoni bado, hivyo imebidi irudishwe majini ili pande zote mbili ziende sawa. Mpwa wake akaondoka.

Fundi viatu, aliyekuwa akifuatilia mambo ya beseni lile kutoka ng'ambo, alivuka barabara kuja kumpongeza. Alimwambia mtaa mzima uko nyuma yake, na kwamba akiweza kuivuta jezi mpaka Ijumaa saa kumi, atajengewa sanamu. Povu akavimba kichwa. Akauliza sanamu hilo litasimama au litakuwa limeinama kwenye beseni, na wakalijadili jambo hilo kwa makini. Mkewe akangoja mpaka fundi alipovuka kurudi, akaisimamisha pasi.

“Baba watoto,” alisema, “unamlowekea mtoto wa dada yako maisha yake kwenye beseni.”

Povu akajitia hamnazo, akaendelea kukamua taulo ambalo lilishakauka. Lakini siku nzima alikosea vikaratasi vya majina, na mwalimu mmoja wa jirani akaenda nyumbani na sketi za mkunga.

Ijumaa saa nne asubuhi kipa akaja tena. Safari hii hakusimama mlangoni. Alipita moja kwa moja mpaka uani, akatia mkono kwenye beseni la mwisho na kuitoa jezi yake. Akaigeuza mbele, akaigeuza nyuma, akitafuta doa.

“Mjomba, hii ilitakata lini?”

“Jumatatu,” alisema Povu. “Ilichukua nusu saa.”

“Sasa kwa nini unanizungusha?”

Povu alikuwa amelifanyia jibu mazoezi. Alieleza habari za waanzilishi, habari za ile karatasi ya chama cha ligi, na jinsi kumi na saba isivyoweza kuwa kumi na nane hata ukiihesabu ukiwa umesimama juu ya kiti. Kipa alimsikiliza mpaka mwisho, maji ya jezi yakimchuruzikia viatuni.

“Nikienda kununua mkate, watu wananyamaza,” alisema. “Wananyamaza mpaka nitoke dukani. Yangekuwa matusi ningezoea, mimi nimekulia kwako. Lakini ule ukimya siuwezi. Na wewe umenyamaza pia, mjomba. Tangu siku ile hujaniambia hata pole.”

Kwa miaka kumi na tisa Povu hakuwahi kukosa maneno ya kumwambia mwamuzi, mshika kibendera, kocha, hata mvua. Kwa mtoto huyu aliyemfundisha kufunga kamba za viatu, majuma mawili yalipita hana neno. Aliona aibu, aibu ya kweli. Alikuwa amemkasirikia kijana wake siku zote hizo, na alikuwa akijidanganya kwamba ana huzuni ya klabu tu.

“Nilikuwa na hasira na wewe,” alisema. “Sikuwa na haki nayo. Nisamehe. Kaa hapo kwenye ndoo, nipe saa moja.”

Akaisuuza jezi mara ya mwisho, akaikamua, akaianika kwenye kamba ya karibu na barabara, mbele ya macho ya watu wote. Ng'ambo, benchi zima likasimama. Jua likafanya kazi ambayo lingekuwa limeimaliza tangu Jumatatu kama lingeachiwa. Povu akaianua, mkewe akaipiga pasi kimyakimya, akairudia mgongoni mara mbili ili namba isikunjamane. Kisha Povu akailaza juu ya mikono yake na kutoka, kipa akimfuata.

Katibu alikuwa na duka la fotokopi, milango mitano mbele. Mashabiki walikuwa wameshajipanga mlangoni pake. Fundi viatu alianza kwa maneno matamu, akaja makali, na yalipokwisha yote akamwita Povu msaliti. Povu alijikaza kisabuni, akapenya katikati yao akiwa ameinua jezi juu isikunjwe na mtu.

Katibu aliipokea, akavaa miwani, akaikagua mbele, nyuma na makwapani. Akagonga muhuri kwenye barua, akampa kipa, akamtakia kheri. Kisha akavuta orodha ya wachezaji na kulipiga mstari jina la kwanza.

“Kumi na saba,” alisema.

Mashine ya fotokopi iliendelea kutoa vyeti vya kuzaliwa vya watu wengine. Saa ya ukutani ilionyesha saa sita kasoro, na fundi viatu akavua kofia. Povu alikuwa bado amenyoosha mikono kana kwamba jezi iko juu yake.

“Katibu,” alisema, “hiyo orodha inataka wachezaji, au inataka majina?”

Katibu alikuwa mtu asiyejibu swali bila kufungua kitabu. Akatoa kanuni za ligi, akasoma kwa sauti. Mchezaji awe mwenye akili timamu, awe na picha mbili, asiwe amesajiliwa na klabu nyingine. Akageuza ukurasa kutafuta mwisho wa umri, hakuuona. Akageuza mwingine kuona kama imeandikwa popote kwamba lazima aweze kukimbia. Haikuandikwa.

Povu alikuwa na miaka hamsini na minne, goti moja lililolia kila alipoinama, na tumbo lililoanza kujitegemea.

“Basi niandike mimi,” alisema.

Akaanza kucheka mtu mmoja, wakafuata wote. Aliyecheka kuliko wote alikuwa fundi viatu, mpaka Katibu alipomuuliza kama ana jina zuri zaidi, pengine la kwake mwenyewe. Hapo fundi akakumbuka kwamba ameacha soli kwenye gundi. Picha zikapigwa palepale. Za kwanza Povu alikuwa amefumba macho, za pili amevuta tumbo ndani kiasi kwamba Katibu alihofia hatapumua tena. Za tatu zikakubalika. Katibu akaandika jina lake kamili, ambalo wengi mle ndani walikuwa wakilisikia kwa mara ya kwanza, kisha kalamu ikasimama.

“Nafasi gani uwanjani?”

Povu hakuwa amelifikiria hilo. Akamtafuta mpwa wake kwa macho. Kijana alikuwa amesimama karibu na rafu za karatasi, barua mkononi, angeweza kuwa ameshaondoka lakini hakuondoka.

“Kipa,” alisema Povu. “Andika kipa wa akiba. Namshikia mtu nafasi yake.”

Katibu akaandika, akagonga muhuri. Kipa akazigeukia zile rafu, akawapa wote mgongo, na barua yake ya ukurasa mmoja akaikunja mara nyingi kuliko inavyohitaji barua yoyote. Hakuna aliyemharakisha. Baadaye akaenda kuchukua begi lake, kwa kuwa basi lilikuwa linaondoka saa nane, na mjomba wake akambebea mpaka kituoni, akiongea njia nzima.