Mikono ya Mabibi Harusi

Ndiyo kwanza nilikuwa nimemlaza mwanangu, mdogo wangu akarudi kutoka shule, akabamiza mlango na kutupa karatasi zake kitandani. Mtoto akaamka analia. Mimi nina hasira za karibu, sikatai, na hasira za mama aliyeamshiwa mtoto hazina dawa.

"Mlango huo umekukosea nini?"

"Mwalimu anataka kunitoa kwenye uchoraji, dada."

Nikamweka mtoto begani, nikakaa.

Mdogo wangu yuko kidato cha tatu. Nyumbani kwetu ni Ushongo, lakini alipochaguliwa shule ya huku mjini, upande wa Raskazone, akaja kukaa kwangu Makorora. Uchoraji pale shuleni wanasoma wachache, na muhula ule mwalimu alikuwa anachagua wa kuendelea nao mpaka mtihani wa taifa. Mtoto huyu anapenda kuchora kuliko kula. Sasa alikuwa ameambiwa hivi: wakati wa likizo achore picha mpya za watu, na zikiwa kama hizi, akatafute somo jingine.

Nikazikunjua zile picha. Mwanamke kisimani, mwanaume juu ya baiskeli, mama na mtoto. Mimi sikuona ubaya wowote. Kesho yake nikambeba mwanangu mgongoni, huyo, shuleni. Nilikwenda kugomba.

Mwalimu mwenyewe ni mama mtu mzima wa kutoka milimani, Lushoto, mwenye miwani na sauti ya kupasua kuni.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo, ila nimekuja na hasira."

"Karibu nazo. Kaa, mama."

Akapanga picha mezani, akaniambia nitazame mikono tu. Nikatazama. Mwanamke wa kisimani hakuishika kamba. Kiganja kimekunjuliwa, vidole vimepanuka, kamba inapita juu yake kama nyoka aliyekufa. Wa baiskeli vilevile, vidole vyote kumi hewani. Na yule mama amemwekea mtoto kiganja tu chini ya mgongo, kama sahani.

"Huyu mtoto anaanguka sasa hivi," mwalimu akasema. "Mdogo wako ana mstari mzuri, tena mzuri sana. Lakini watu wake wote wanasubiri kitu kikauke."

Nilijizuia, wapi! Nikacheka mpaka mtoto mgongoni akashtuka. Maana kazi yangu ni kupaka maharusi hina na piko nyeusi, na mdogo wangu ndiye huniwekea mto chini ya mkono wa bibi harusi. Mkono unalazwa pale, vidole vimeachanishwa, mpaka hina ikauke. Mpaka hapo bibi harusi hagusi kitu. Analishwa, anakunwa pua, hata kanga anafungiwa. Na mdogo wangu, tangu akiwa mdogo, mimi bado niko Ushongo, wakati tunasubiri ndipo alipokuwa akichora. Mikono aliyoijua dunia hii ni hiyo. Sasa mkono wa namna hiyo uupe baiskeli!

"Vipindi vya darasani havitoshi," mwalimu akasema. "Na mkono haufundishwi ubaoni. Akakae na watu wenye kazi."

"Mwenye kazi si ndiye mimi?"

"Basi aanze na wewe."

Likizo ikaanza, na balaa likaanza. Nakanda unga wa chapati, nasikia, "Dada, tulia kidogo." Nitulie, unga utajikanda? Nikamfukuza, aende soko la samaki akachore wengine. Baadaye nikamfuata kuhakikisha kama kweli yuko huko. Nilimkuta kajikunyata mbele ya wakaanga samaki, wawili, wanamhoji.

"We mtoto, unaandika nini? Manispaa wamekutuma?"

"Shikamooni. Nachora mikono."

"Marahaba. Mikono tu? Kwani sura hatuna?"

"Sura yako wewe itamharibia karatasi," mwenzake akadakia, wakacheka mpaka mafuta yakataka kuwarukia.

"Mama, naomba utulie kidogo tu."

"Nitulie samaki aungue? Akiungua utamla wewe, na miba yake!"

Basi pale ndipo alipojifunza. Alitazama kisha akachora haraka kabla mkono haujahama. Kucha na pete akaachana nazo. Alianza na umbo zima la ngumi, vidole vikafuata. Picha tisa kati ya kumi zilikuwa takataka, na mimi sikumficha. "Huyu ameshika samaki au kandambili?" Ananuna, anageuza karatasi, anaanza tena.

Karatasi zikaisha. Akachana mifuko ya saruji ya jirani anayejenga. Penseli ikaisha, akahamia kwenye mkaa wangu wa jikoni. Siku nilipoukuta mkaa kwenye shuka, kwenye pazia na kwenye mashavu ya mwanangu, nilipaza sauti mtaa mzima ukajua. Huku nimeshika mwiko, huku nimemkamata mtoto fulana asiende kujipaka tena.

"Dada, usiache!"

"Nisiache nini?"

"Kugomba. Mkono wako unakaa vizuri ukigomba."

Hebu fikiria. Mimi nafoka, yeye anachora! Nikaamua kunyamaza nimkomoe. Nilishindwa hata uji haujachemka.

Shule ilipofunguliwa akaondoka na mzigo wake wa mifuko ya saruji kwapani. Siku hiyo nilikuwa na bibi harusi, na kwa wasiwasi nikampaka jani likaenda kombo, ikabidi niligeuze ua. Jioni nikamwona mdogo wangu anakuja polepole, kichwa chini. Nikajua wamemtoa.

"Vipi?"

"Nimebaki, dada."

Nilipiga vigelegele, mwanangu akapiga makofi bila kujua kwa nini.

"Sasa mbona umenywea? Kapenda ipi?"

Akainama kuvua viatu.

"Nakuuliza, ipi?"

"Ile yako ya mwiko. Ameibandika ukutani."

"Ile nina nywele timtim? Nimeachama hivi?"

"Amesema ndiyo mara ya kwanza kuona mtu wangu ameshika kitu akakishika kweli."

"Darasa zima wameniona kichwa wazi!"

"Na walimu. Wamekuja kuangalia."

Nikamwambia kesho nakwenda kuibandua, halafu atanichora upya, nimejifunga mtandio, nimekaa kitini kama mtu. Akanitazama kwa huruma kabisa.

"Ukikaa kitini, dada, utatoka bibi harusi."

Bado sijaenda kuibandua. Kazi ni nyingi, na pale Raskazone si jirani. Lakini wateja wangu wakiniuliza kama ni kweli picha yangu imebandikwa shuleni, nawajibu kwa ukali kwamba ndiyo, ni mimi, na aliyenichora ni wa tumbo moja na mimi.