Kopo la Kufukuzia Ndege

Muuguzi aliyenifundisha kuzalisha hakuwa na nafasi hata kidogo wodini, kwa hiyo sisi wauguzi wapya tulimfuata likizoni, shambani kwake Mofu. Mpunga ulikuwa unakomaa. Alikaa juu ya kichanja akigonga kopo kufukuza ndege, nasi tukammiminia maswali. Kila alipotueleza jambo, kopo lilinyamaza, ndege wakashuka. Hakuna aliyempokea lile kopo. Wakati wa mavuno alituambia kwa upole, "Mwakani msije, wanangu." Hakumfundisha mtu tena mpaka tulipomzika.

Sasa mimi ndiye ninayefuatwa shambani. Mgeni akishaniamkia, namkabidhi kopo, ndipo aulize. Wanasema nina roho mbaya. Hawakumwona yule mama akikata masuke matupu.