Wanajeshi waligonga mlango wangu Liverpool, nikajifanya sipo

Wakuu wa jukwaa, natumaini mko wazima.

Haya yalinipata mimi mwenyewe, na binti yangu alikuwepo. Sijaongeza chumvi.

Mimi ni mjane, Mkongomani wa Bukavu, naishi Liverpool, kusini-magharibi mwa Sydney. Ng'ambo ya mto iko kambi ya jeshi ya Holsworthy. Shule nilianza nikiwa na miaka arobaini na tisa. Katika lockdown ya corona iliyoanza tarehe 26 Juni 2021, mwalimu wetu alitupa assignment kwa Zoom: historia ya kambi na mji jirani yake.

Nilisoma kwamba wakati wa Vita Kuu ya Kwanza raia wenye asili ya Kijerumani walifungiwa Holsworthy nyuma ya seng'enge. Nilisoma pia kwamba tarehe 14 Februari 1916 maelfu ya wanajeshi waliokuwa mafunzoni waligoma, wakaingia Liverpool na kuvamia mabaa.

Nilijiuliza akina mama wa mji siku ile walifanya nini. Niliyoyasoma hayakusema.

Jumatatu tarehe 2 Agosti 2021, wanajeshi walianza kutembea mitaa yetu pamoja na polisi, kuhakikisha watu wa isolation, walioamriwa kujitenga, wako nyumbani.

Wakongomani wenzangu wanaijua tarehe hiyo. Vita vyetu vya pili vilianza tarehe 2 Agosti 1998.

Jumatano ya juma lililofuata nilikuwa isolation, kwa sababu mwenzangu kazini, kwenye nyumba ya wazee, alikutwa na corona. Saa nne asubuhi mlango uligongwa. Nilichungulia nikaona magwanda.

Wakuu, mwili ulifanya kazi bila kuniuliza. Viatu vya mlangoni tayari vilikuwa ndani. Huwa siviachi nje, kwa sababu viatu humwambia mwanajeshi mko wangapi. Nilizima redio. Nilimziba binti yangu mdomo kwa kiganja, naye ana miaka ishirini na miwili.

Waliondoka. Binti akafoka: "Ma, what was that? They're just checking!"



Mchana polisi alipiga simu: wameandika kwamba sikuwepo. Ikitokea mara ya pili ni faini, na suala langu litapelekwa mbele. Mimi, ambaye sijawahi hata kuchelewa kazini!

Nilimpigia Mama Furaha wa ghorofa ya juu, Mkongomani pia. Alicheka hadi akakohoa. "Dada, wewe angalau uko isolation. Mimi wala hawakuja kunitafuta, na nilikuwa chini ya kitanda!"

Tukacheka sote wawili.

Jioni nilimweleza binti yangu kile ambacho sikuwahi kumweleza. Akiwa bado tumboni, usiku mmoja wa mwaka ule wa 1998, wanajeshi waligonga. Baba yake akasema watu wastaarabu hufungua mlango. Alifungua. Hakurudi.

Binti akasema kwa Kiswahili, yeye anayejibu kwa Kiingereza siku zote: "Kesho nitafungua mimi."

"Hapana," nikamwambia. "Mlango ni wangu."

Walirudi Alhamisi. Nilivaa kitenge kizuri na barakoa, nikafungua. Polisi aliuliza jina. Mwanajeshi, msichana mdogo, alirudi nyuma hatua mbili na kuuliza kama tuna chakula cha kutosha.

Nilitaja jina langu lote. Kisha nikataja la marehemu mume wangu, ingawa hakuna aliyeliuliza. Msichana aliniomba nirudie ili alitamke vizuri. Nikarudia. Akalitamka.

Nilifunga mlango, nikakaa sakafuni. Sikujisikia shujaa. Nilijisikia nimechoka uchovu wa miaka ishirini na mitatu.

Nililojifunza: tuwaeleze watoto wetu hofu zetu mapema, kabla hazijawaziba midomo. Assignment niliimaliza kwa swali lile la akina mama wa 1916.

Nanyi mliopitia vita, mlango wenu ukigongwa mnafanyaje? Andikeni hapa chini. Nitasoma yote, ila nivumilieni, nasoma polepole.